Nimenunua gari Dar, nalileta Tanga: je, stika ya muuzaji inanitosha njiani?

Swali: "Mimi ni mwalimu, nakaa Makorora hapa Tanga. Nimekubaliana na mtu wa Kimara, Dar es Salaam, aniuzie Toyota IST yake kwa shilingi milioni 11 na laki tano. Ijumaa namalizia pesa, Jumamosi alfajiri tunaanza safari ya kurudi. Gari lina bima ndogo na stika inaonyesha imebakiza miezi minne. Muuzaji anasema bima inaenda na gari, nisihangaike, nitakata yangu hiyo ikiisha. Fundi wangu naye anasema ukishanunua gari sheria inakupa siku 14 za kulifikisha nyumbani na kubadilisha kadi ya gari. Kadi bado ina jina la muuzaji. Atakayeendesha ni shemeji yangu, maana mimi leseni nimeipata juzijuzi na barabara kuu sijaizoea. Pesa imenibana, sehemu ni mkopo wa SACCOS, lakini sitaki kuingia matatizoni. Nifanyeje?"

Mwalimu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya Ijumaa. Wengi hunijia na swali kama lako Jumatatu, gari likiwa limeshalala kituo cha polisi. Unachotaka kujua, kwa lugha nyepesi, ni hiki: kutoka Kimara mpaka Makorora, kilomita kama 350, gari hilo litakuwa chini ya bima ya nani? Ukimfuata muuzaji wako, kuna uwezekano mkubwa litakuwa halina bima ya mtu yeyote, ingawa stika ipo na tarehe yake haijafika.

Tuanze na hilo la "bima inaenda na gari", kwa sababu limeenea mno na wanaolisema mara nyingi hawana nia mbaya. Linaonekana kweli kwa kuwa stika imeandikwa namba ya gari. Lakini bima ni mkataba kati ya mtu na kampuni. Kampuni ilimkubali muuzaji wako, ikachukua pesa yake, ikaahidi kubeba hasara yake. Likigongwa gari, aliyepata hasara ni yeye; likigonga mtu, anayedaiwa ni yeye. Hilo ndilo linaloupa mkataba uhai: mwenye bima awe na kitu cha kupoteza. Siku anayokuuzia, hana tena cha kupoteza kwenye gari hilo. Wewe unacho, ila kampuni haikujui.

Utaniuliza: mbona bima nyingi zinasema dereva yeyote mwenye leseni anaruhusiwa? Ni kweli, lakini malizia sentensi yake: awe anaendesha kwa idhini ya mwenye bima. Muuzaji wako alipokuwa mwenye gari angeweza kukuazima ukaenda nalo hata Lushoto, na bima yake ingekuwa nyuma yako. Baada ya kukuuzia, idhini hiyo haipo tena. Mtu hawezi kukuazima kitu ambacho ni chako.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasaidia kufuatilia madai ya bima. Akaja kijana wa Muheza aliyenunua Noah Dar. Alipofika Kabuku, jua linazama, bodaboda ikachomoka njia ya vumbi iliyotoka mashambani, akaigonga ubavuni. Mwenye pikipiki alivunjika mguu juu ya goti. Stika ya muuzaji ilikuwa hai, imebakiza zaidi ya nusu mwaka. Karatasi iliyomaliza dai lile ilitoka kwenye dashibodi ya gari lenyewe: mkataba wa mauziano, umekunjwa mara nne, una muhuri wa wakili na tarehe ya juzi yake. Kampuni ikasoma tarehe, ikasema mteja wao siku ya ajali hakuwa na gari. Kijana alilipa matibabu kwa kuuza kiwanja, na Noah ikakaa uani kwa mjomba wake, taa moja haina, mpaka nyasi zikaota chini yake. Bado naukumbuka mkataba ule ulivyokunjwa.

Kwa hiyo, mwalimu, usipime usalama wako kwa kupita vizuizini. Trafiki wa Chalinze akiingiza namba ya gari kwenye simu yake ataona bima hai na atakuruhusu uende, kwa sababu anachouliza ni kama gari lina bima. Swali la kwamba bima hiyo ni ya nani huulizwa siku ya madai. Kuna wanaopita Msata, Wami, Segera na kufika Tanga salama, kisha wanawaambia wenzao kwamba haina shida. Hawajawahi kujaribiwa tu.

Sasa fundi na siku zake 14. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamkataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila kuwepo bima hai inayowalinda watu wengine. Haina siku za huruma kwa aliyetoka kununua. Nadhani maneno hayo yametoka sehemu mbili. Moja ni video za nje: Marekani, kampuni nyingi humpa mteja ambaye tayari ana bima ya gari jingine siku chache za kuliingiza gari jipya. Huo ni utaratibu wa kampuni za huko na wateja wao. Sehemu ya pili ni kuchanganya bima na uhamisho wa umiliki TRA. Muda wa kuhamisha kadi ni suala la usajili na kodi, haukupi ruhusa ya kuendesha bila bima hata kutoka Kimara hadi Mbezi. Na angalia lile neno "kumruhusu". Usukani atashika shemeji yako, lakini mwenye gari utakuwa wewe, na kosa litawagusa wote wawili.

Watu wengine huchanganya pia stika ya bima na ile ya Nenda kwa Usalama. Ile ya pili inahusu ukaguzi wa gari. Haimlipi mtu chochote.

Nije kwenye kadi, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanafikiri hawawezi kukata bima mpaka kadi isome jina lao. Umiliki wa gari huhama kwa makubaliano yenu: mkataba wenu ukisema limekuwa lako Ijumaa saa nane mchana, limekuwa lako. Kadi inaonyesha nani amesajiliwa, na aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa mmiliki mpaka ithibitike vingine. Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili ndio unaothibitisha hivyo vingine. Kampuni nyingi zitakukatia bima kwa mkataba huo pamoja na nakala ya kadi ya muuzaji, kitambulisho chako cha NIDA na TIN. Nyingine zitataka kuona uhamisho umeshaanza. Ndiyo maana nakuomba upige simu Jumatano au Alhamisi, useme neno kwa neno: "Nanunua gari Ijumaa, kadi bado ina jina la muuzaji, nataka bima ianze kabla sijaondoka Dar. Mnataka karatasi gani?"

Katika simu hiyo utakutana na kikwazo kingine. Namba ya gari tayari ina bima hai kwenye mfumo, ile ya muuzaji, kwa hiyo kampuni inaweza kukutaka uieleze kwanza. Usiifiche. Inaweza hata kukupunguzia gharama, kwa sababu kuna njia ambayo watu hawaitumii: muuzaji anaiandikia kampuni yake kwamba ameuza gari na anaomba bima iliyobaki ihamishiwe kwa mnunuzi. Kampuni ikikubali, inatoa maandishi yenye jina lako na unaingia kwenye mkataba kihalali kwa miezi minne iliyobaki. Mambo mawili tu: kampuni ina haki ya kukataa, na mpaka maandishi yatoke huna kitu. Ahadi ya mdomo ya wakala, hata akiwa mtu unayemwamini, haitakusaidia ukiwa umesimama Kabuku. Muuzaji akisita, mweleze kwa upole kwamba na yeye ana sababu ya kushughulika. Jina lake liko kwenye kadi, na gari likimuumiza mtu, wa kwanza kutafutwa ni yeye.

Njia hiyo isipowezekana, kata bima ndogo mpya kwa jina lako. Kwa gari dogo la binafsi, kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni shilingi 100,000 kabla ya VAT, na kwa kawaida hukatwa ya mwaka mzima. Ujue lakini unanunua nini. Bima ndogo inasimama kati yako na yule uliyemuumiza au kumuulia ndugu. Mikataba mingi inaongeza na mali yake kwa kiwango fulani. IST yako ikipondeka, bima hiyo haitoi hata bei ya bampa. Na watu uliowapakia ndani ya gari la binafsi, waulizie kwa jina, kwa sababu mikataba haifanani.

Bima kubwa ndiyo inayolinda gari lenyewe, na kwa gari la binafsi huwa ni kama asilimia 3.5 ya thamani. Kwa milioni 11 na laki tano ni shilingi 402,500 kabla ya VAT. Najua umesema pesa imekubana, na sitakuambia ni pesa ndogo kwa mwalimu. Ila fikiria hivi: sehemu ya gari hilo ni mkopo. Likipondeka Jumamosi, SACCOS wataendelea kukata mshahara wako kila mwezi kwa gari ambalo halipo. Mtu anayelinunua kwa akiba yake, na anayeweza kukaa bila gari mwaka mzima, namwelewa akichukua bima ndogo. Wewe, kwa hali uliyoieleza, ningekushauri uchukue kubwa, na uichukue kabla ya safari, kwa sababu kilomita 350 za kwanza za gari usilolijua, breki zake hujazizoea, ni sehemu ya hatari zaidi ya mwaka wako wote. Ukishindwa kabisa, ndogo kwa jina lako ndiyo chini yake usishuke.

Ukichagua kubwa, usikubali mtu akushawishi uandike thamani ya chini ili ulipe kidogo. Ukiandika gari lina thamani ya 5,750,000 wakati soko linasema 11,500,000, umelinda nusu yake. Likipata uharibifu wa milioni 2, kampuni ina haki ya kulipa milioni 1, na hapohapo inakata kile kiasi ambacho mkataba unasema utabeba mwenyewe katika kila dai. Watu hugundua hilo wakiwa gereji. Jambo jingine, kubwa hudai ukaguzi: gari lipigwe picha, chasisi isomwe, kilomita ziandikwe. Panga ukaguzi huo Ijumaa asubuhi. Ukiuacha mpaka Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri itakukuta huna.

Kuna njia nyingine ambayo mimi huipenda kwa watu wenye bajeti kama yako: msimalizie mauziano Dar. Mkataba useme gari linabaki la muuzaji mpaka likabidhiwe Tanga na pesa ya mwisho ilipwe hapa. Yeye mwenyewe, au dereva wake, analileta, bima yake ikiwa hai na yeye akiwa bado mwenye gari. Utagharamia mafuta na nauli yake ya basi ya kurudi, na unapata nafasi ya kulisikiliza gari likiwa limekimbia masafa kabla hujatoa pesa yote. Hiyo ni halali kabisa, mradi ndiyo ukweli wa mambo. Kulipa kila kitu Ijumaa, kuondoka na gari, halafu kubadili tarehe ya mkataba ikitokea ajali, ni udanganyifu, na wachunguzi wa madai huuona kwenye miamala ya benki na ya simu. Usikubali mtu akuingize huko. Pia kuna kulipakia kwenye karia, lori la kubebea magari, likafika bila kukanyaga lami. Hapo ulizia bima ya mzigo safarini. Kwa IST moja naona gharama yake haikufai.

Vyovyote utakavyochagua, hakuna bima kabla ya malipo. Wakala akikuambia "nenda tu kaka, nitakulipia, utanipa Jumatatu", anakuonyesha upendo ambao sheria haiutambui. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni, pesa isipite mfukoni mwa mtu, kisha usome kavanoti, yaani hati ya kampuni inayoonyesha bima yako: imeanza tarehe gani, saa ngapi. Ajali ya saa tatu asubuhi haiwezi kulipwa na bima iliyoanza saa tano.

Halafu hakiki. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wake wa mtandaoni, TIRA MIS, ambao mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari, ya chasisi, ya stika au ya kavanoti akaona kama bima ipo kweli. Ulitengenezwa kwa sababu ya stika feki, na zilikuwa zinapendeza kuliko za kweli. Fanya hivyo ukiwa umesimama kando ya gari, boneti iko wazi. Chasisi za IST nyingi za kizazi cha kwanza huanza na NCP60 au NCP61, kisha kistari na tarakimu. Mwambie shemeji asome tarakimu moja moja kutoka kwenye chuma, wewe ufuatilie kwenye kavanoti. Usilinganishe kadi na kavanoti, kwa sababu aliyeandika kavanoti ameinakili kadi. Kosa la kadi litakuwa limehamia huko. Nimewahi kuona 3 iliyogeuka 8 ikachelewesha dai la watu kwa miezi.

Kuhusu shemeji yako, angalia leseni yake ya udereva: haijaisha, na daraja lake linaruhusu gari hilo. Kampuni ikiuliza nani ataendesha, taja jina lake. Mwambie pia, na hapa nasisitiza kwa sababu najua mambo ya barabara ile: msipakie abiria wa nauli. Mtu anasimama Chalinze au Msata na begi lake, anaelekea Korogwe, mnaona mtapata pesa ya mafuta. Gari la namba za njano lenye bima ya matumizi binafsi likibeba watu kwa pesa limetoka nje ya mkataba wake. Shilingi elfu kumi hiyo inaweza kuifuta bima yote uliyoihangaikia.

Kabla ya kutoa pesa, angalia pia kama gari linadaiwa faini za barabarani na kama kadi ina jina la benki. Hayo si ya bima, lakini yatakufuata mpaka Makorora. Na uhamisho TRA usiulaze. Weka kwenye bajeti ada ya uhamisho ambayo imekuwa shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, kwako ni 115,000. Kadi ikishasoma jina lako, irudishe kwenye kampuni ya bima warekebishe kumbukumbu zao.

Mungu apishe mbali, likitokea lolote njiani: simameni, majeruhi wapelekwe hospitali na wapate PF3 polisi, piga picha kabla magari hayajasogezwa, toa taarifa kituo kilicho karibu, na ipigie simu kampuni ya bima siku hiyohiyo. Usiandike wala kusaini popote kwamba kosa ni lako na utalipa. Huo ni uamuzi wa polisi na mahakama, na kampuni inaweza kukataa deni ulilojibebesha bila kuiuliza.

Mengi ya haya utayamaliza kwa simu. Yapo machache ambayo nakusihi uende mwenyewe. Kama kampuni inakubali kuhamisha bima ya muuzaji, muuzaji aende ofisini na wewe ukiweza uwepo, muondoke na karatasi yenye muhuri. Kama jina la kwenye kadi si la anayekuuzia, kwa mfano anasema ni la marehemu baba yake au la mwajiri, simamisha malipo na umwone wakili kabla hujaongea na mtu wa bima. Huyo huenda hana mamlaka ya kuuza, na bima haitibu kasoro hiyo. Na kama tayari kuna mtu ameumia, usijibizane na kampuni kwa ujumbe wa simu. Nenda na wakili, na dai likikataliwa omba sababu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni kusikiliza watu kama wewe dhidi ya kampuni.

Alhamisi ukishapiga simu hiyo, niandikie kampuni imekujibu nini kuhusu kadi. Wakikataa, bado tutakuwa na siku nzima ya kubadilisha mkataba ili makabidhiano yafanyike hapa Tanga.